Taka zikifukiwa, udongo huchuja kila kitu?

Dampo likipangwa kijijini, wengi hutulizwa na imani kwamba taka zikifukiwa, udongo utachuja uchafu kabla haujafika kisimani. Kwa tope na vijidudu vingi, kuna ukweli. Lakini mvua ikipenya kwenye taka hutoka maji meusi yenye chumvi na kemikali zilizoyeyuka, na hizo udongo hauzishiki zote. Maji ya kisima yanaweza kubaki maangavu kabisa. Kuyachemsha hakuondoi chumvi. Ndiyo maana dampo la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito chini.

Omba ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, utazame kina cha maji ya ardhini wakati wa masika. Na visima vipimwe kabla lori la kwanza halijamwaga taka, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.