Mafuta ya langilangi namba III hayajachakachuliwa

Hapa Dodoma ukiingia duka la manukato utakuta vichupa vya mafuta ya langilangi vimeandikwa ekstra, I, II na III. Muuzaji akiona umeshika cha III, anakuwahi: “Acha hiyo dada, imechakachuliwa.” Nimelisikia hilo mpaka nimechoka.

Langilangi ni ua la manjano lenye petali ndefu zilizolegea, la mti wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Waliokulia Zanzibar wanalijua kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini na rehani. Sisi wa huku kwenye ukame tunalijua kwa kichupa. Mafuta mengi hutoka Komoro.

Sasa hizo namba. Maua huchumwa asubuhi na mapema na kutiwa kwenye mtambo wa mvuke siku hiyohiyo. Kazi nzima inaweza kuzidi saa 18, kwa sababu mafuta hayatoki yote kwa mkupuo. Yanayotangulia, ya saa moja au mbili za mwanzo, ndiyo ekstra: mepesi, matamu, yanapanda puani mara moja. Hayo hukimbiliwa na watengenezaji wa manukato ya bei. Langilangi imo katika Chanel No. 5 aliyoitunga Ernest Beaux mwaka 1921. Kisha mpishi anabadilisha chombo cha kukingia, anapata I (ambayo, kumbe, si ya kwanza), halafu II. Yanayochuruzika mwishoni kabisa ndiyo III: mazito, utamu umepungua, yana harufu ya mbao na viungo kidogo, nayo hukaa sana kwenye ngozi. Viwanda vya sabuni huyatumia. Ni maua yaleyale, mtambo uleule. Wengine hawagawi, wanakinga yote pamoja na kuyaita kamili.

Kuchakachua ni mtu kuongeza mafuta ya alizeti, ambayo huku kwetu hayana uhaba, au kemikali yenye harufu ya kufanana. Na mwenye nia hiyo atachezea ekstra kwanza, maana ndiko kwenye pesa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uiache mpaka kesho: alizeti huacha doa lisilotoka, langilangi hupotea hewani, hata kama III huchelewa na kuacha alama hafifu. Kemikali, karatasi haitakuonyesha.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia III ni ya bei ya chini, yuko sahihi. Akisema imechakachuliwa, mweleze taratibu kwamba imechelewa kutoka mtamboni tu, halafu umwombe tone la ile ekstra yake ulipeleke kwenye karatasi.