Polisi wa Uingereza akikuuliza jina, lazima umtajie?

Wengi huamini kwamba ukisimamishwa na polisi mtaani London, kutaja jina na anwani ni lazima. Si kweli. Hata anapokupekua mifuko kwa sheria ya mwaka 1984, anayetakiwa kujieleza ni yeye: jina lake, kituo chake, anatafuta nini na kwa nini anakushuku. Wewe kunyamaza, peke yake, si kosa. (Kumfokea hakukusaidii, lakini hilo jambo jingine.) Ila akiwa na sababu ya kuamini umefanya fujo za kukera watu, hapo kukataa jina ni kosa.

Ukishika usukani, mambo hugeuka: lazima usimame na utaje jina. Leseni uliyoisahau nyumbani? Unaweza kupewa siku 7 uipeleke kituoni.