Uchafu ulionaswa na kichujio bado umo majini

Wengi hudhani tangi la kuchujia lililo chini ya akwariamu (tangi la kufugia samaki) ya maji ya chumvi hujisafisha lenyewe. Si kweli. Kinyesi na mabaki ya chakula yaliyonaswa kwenye soksi ya kuchujia, yaani mfuko wa kitambaa unaonasa uchafu, bado yanapitiwa na maji, na yakioza hutoa amonia, kemikali yenye sumu kwa samaki, ambayo bakteria huigeuza kuwa naitreti, kemikali nyingine inayojikusanya majini. Badilisha soksi kila baada ya siku 3 au 4. Mara moja kwa mwezi, zima pampu ya kurudisha maji, acha tope litulie, kisha linyonye kwa mpira wa maji. Mawe yaliyo ndani ya tangi usiyasugue! Ndiyo makao ya bakteria hao. Yasuuze kwa maji ya chumvi uliyoyatoa kwenye akwariamu, kamwe si ya bomba yenye klorini.