Asilimia ya eneo si asilimia ya uzito

Mafuta ya karafuu yanayotufikia maabara hapa Tanga kutoka Muheza huja na swali lilelile: eujenoli, kemikali kuu ya mafuta hayo, ni asilimia ngapi? Bei inasimama juu ya tarakimu hiyo. Ndiyo maana sikikubali cheti kilichoandikwa "asilimia" bila kusema asilimia ya nini.

Mashine tunayopimia, ya kromatografia ya gesi, haina mizani ndani yake. Kolamu, yaani mrija mrefu mwembamba, hutenganisha kemikali, kisha moja baada ya nyingine huingia kwenye mwali wa haidrojeni, na kinachopimwa ni umeme mdogo unaozalika kaboni ikiungua. Kwenye mchoro, kila kemikali huonekana kama kilele, na eneo la kilele ndilo linalohesabiwa. Kariofilini, iliyomo pamoja na eujenoli kwenye mafuta haya, ni kaboni na haidrojeni tupu. Kaboni ni takriban asilimia 88 ya uzito wake. Eujenoli ina oksijeni, hivyo kaboni yake ni kama asilimia 73 tu, na ile iliyoshikana na oksijeni huchangia pungufu kwenye mwali. Changanya uzito sawa wa hizi mbili, piga sindano: kilele cha kariofilini kitatoka kikubwa. Anayegawanya eneo la kilele cha eujenoli kwa jumla ya maeneo yote anampunja mwenye mafuta, hata kama mashine ni mpya na fundi ni hodari.

Kwa hiyo tunaandaa standadi, yaani sampuli za eujenoli safi ambazo kiasi chake tunakijua, ngazi tano, za chini na za juu kuliko kiwango tunachokitarajia, na kuchora mstari wa kalibresheni, unaoonyesha kiasi gani cha eujenoli hutoa kilele cha ukubwa gani. Usiridhike kwa sababu mstari umenyooka. Tazama kila nukta imeachana nao kiasi gani, hasa ile ya chini kabisa.

Kuna pia suala la joto letu la pwani. Heksani, kimiminika tunachoyeyushia mafuta, huchemka kwenye nyuzi 69 hivi, na kichupa ambacho mpira wake umeshatobolewa na sindano hupoteza heksani taratibu. Mchana wa Februari, sampuli iliyosubiri zamu yake inakuwa nzito kuliko ulivyoitengeneza. Kinga yake ni standadi ya ndani: kemikali isiyokuwamo kwenye karafuu, mfano tridekani, unayoipima kwenye mizani pamoja na mafuta kabla ya kuongeza heksani. Ukihesabu uwiano wa vilele viwili, heksani iliyoruka na sindano iliyochukua pungufu havikusumbui tena. Ukiitia baadaye, baada ya heksani kuruka, umeshachelewa. Na mafuta yenyewe yapime kwa gramu. Ni mazito, hubaki yameganda kwenye ncha ya pipeti.

Laina chafu, kile kibomba cha kioo ambamo sampuli hugeuka mvuke kabla ya kuingia kolamu, ni habari nyingine. Eujenoli hunasa kwenye uchafu, kilele kikaota mkia, na standadi ya ndani haiwezi kukuokoa kwa sababu tridekani hainasi. Badilisha laina.

Kila baada ya sampuli kumi tunarudisha standadi ya ukaguzi. Ikiachana na thamani yake kwa zaidi ya asilimia 2, sampuli zote tangu ukaguzi uliotangulia zinapimwa upya.