Je, wajua kwa nini mtambo ulioharibika husemwa umekwenda "haywire"?

Taa za barabarani zikiwaka nyekundu na kijani kwa pamoja, au kompyuta ikianza kufungua mafaili ambayo hukuyagusa, msemaji wa Kiingereza atakwambia imekwenda "haywire". Ukilipasua neno hilo unabaki umeduwaa: ni waya wa nyasi kavu. Nyasi na kompyuta wapi na wapi?

Jibu liko kwenye kambi za wakata magogo wa Marekani. Zamani magogo yalivutwa na farasi na ng'ombe, na wanyama hao walikula nyasi zilizoletwa kambini zikiwa zimeshindiliwa katika marobota na kufungwa kwa waya mwembamba. Kila robota likifunguliwa, waya ulibaki. Na waya ukibaki karibu na mtu ambaye duka la spea liko mbali, unajua kinachofuata. Mpini wa shoka umepasuka, funga waya. Mlango wa jiko umelegea, funga waya. Hatamu imekatika, funga waya.

Kambi iliyoishi hivyo ilichekwa. Orodha ya istilahi za misitu iliyochapishwa na serikali ya Marekani mwaka 1905 inalo jina "hay wire outfit", nalo ni la dharau: wakata magogo wenye vifaa duni. Kufikia miaka ya 1920 neno lilikuwa limeshatoka msituni na kuhamia kwa chochote kinachokwenda ovyo, hata mtu aliyerukwa na akili. Kwa hiyo waya haukuharibu kitu. Ulikuwa dawa, ukaishia kuwa jina la ugonjwa. Mimi naona ulionewa.

Ingawa wapo wanaosema tabia ya waya wenyewe ilichangia. Aliyewahi kukata waya wa kufungia nondo anaijua: koleo likibana tu, ncha inaruka kama nyoka, na ukija kutazama umeshajisokota kwenye mguu wa suruali.

Sisi mambo yakiharibika hatukutazama zizini, tulitazama baharini. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo, mara ubavu huu mara ule, mawimbi yanapokipiga. Ndiyo maana hata mtu wa Dodoma asiyewahi kupanda jahazi husema mipango yake imekwenda mrama.