Serikali haifuati mahindi ya uvunguni, Scania ndiye anayeyafuata

Juzi tena. Nimeitwa kupima unyevu wa mahindi, nakuta magunia yapo uvunguni mwa kitanda, yamefunikwa mablanketi. "Mwanangu, hali ya hatari ikitangazwa serikali inabeba vyote," mzee ananinong'oneza. Nikalipiga gunia kofi, likafuka vumbi la unga. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, walishajibebea.

Haya, tuelewane. Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari. Haimpi mgambo ruhusa ya kuingia kwako na debe. Ibara ya 24 nayo inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria yenye masharti ya "fidia inayostahili". Wanaorusha zile sauti za WhatsApp, kwamba serikali inabeba vyote, hawafiki kwenye maneno hayo mawili. Mimi nimefika, na yananikera kwa sababu nyingine: inayostahili kwa bei ya Julai, mahindi yakiwa yamejaa kila uga, au ya Februari? Na inalipwa lini? Ibara imenyamaza. Hapo namwelewa mzee.

Tena hofu yake ina historia. Miaka ya 1970, enzi za NMC, shirika la serikali lililonunua nafaka, mahindi yalikamatwa kweli. Lakini yalikamatiwa wapi? Kwenye vizuizi vya barabarani, yakisafirishwa bila kibali. Hata katazo la 2017 lilihusu kuyapeleka nje ya nchi. Mkono wa serikali hushika kinachotembea: lori, mpaka, bei. Magunia sita ya kula nyumbani yana faida gani kwao? Gharama ya kuyakusanya kijiji kizima inazidi thamani yake. Wakulima ninaokutana nao, kwanza, wanaililia serikali ije iyachukue, mradi ilipe.

Dumuzi hana kibali wala fidia. Aliingia Tabora miaka ya 1970 ikielekea mwisho, wakulima wakampa jina la lori, Scania. Kukausha peke yake hakumtishi. Mfuko wa PICS, ule wenye plastiki ya ndani isiyopitisha hewa, unamkata pumzi, ingawa nimewahi kukuta ameitoboa plastiki hiyo, na sijui nimlaumu yeye au aliyeifunga.

Kwa unyevu: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, mahindi kidogo, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Ya mzee ilinata. Tukatandika turubai uani, naye akaenda kwanza kufunga geti.