Picha ya mbalamwezi ni nini, na kwa nini hutoka kama ya mchana

Picha ya mbalamwezi si picha ya mwezi. Wengi wakisikia jina hilo huwaza ule mduara mweupe uliovutwa karibu kwa lenzi ndefu. Hapa mwezi ni taa tu. Kinachopigwa ni kile kilicho chini yake: ufuo, shamba, bustani, mlima. Hakuna flashi wala balbu. Kamera hukaa juu ya stendi ya miguu mitatu, shata, yaani pazia la ndani ya kamera, hufunguliwa, kisha huachwa wazi kwa sekunde nyingi au dakika kadhaa mpaka mwanga ulio haba urundikane vya kutosha kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha.

Muda wote huo wa nini, na mwezi mpevu tunauona unang'aa? Macho yanatudanganya. Yakikaa gizani nusu saa hivi hujizoesha, na mtu anatembea pwani bila tochi akaona njia, mitumbwi, hata kaa anayekimbia. Lakini nuru ya mwezi mpevu ni pungufu ya nuru ya jua kwa takriban mara 400,000. Tuipigie hesabu. Mchana wa jua kali, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuitikia mwanga) na tundu la lenzi f/16 (namba ikipungua, tundu linapanuka), shata ya sehemu moja ya mia ya sekunde inatosha. Mipangilio hiyohiyo chini ya mwezi mpevu itakuweka hapo sekunde 4,000, yaani saa nzima na dakika saba hivi. Fungua tundu hadi f/4, mwanga unaoingia unaongezeka mara 16, na kusubiri kunashuka hadi dakika nne na ushei. Pandisha ISO hadi 800, ambayo ni mara nane tena, unabaki na sekunde 30. Ndiyo maana f/4, ISO 800, sekunde 30 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kamera nyingi huishia hapohapo kwenye sekunde 30. Ukitaka zaidi unahamia kwenye herufi B, ambapo shata hubaki wazi mpaka uifunge, na kushika saa mwenyewe, ikiwezekana kwa rimoti ili kidole kisiitikise kamera.

Hesabu hiyo ni ya mwezi mpevu tu. Mwezi ukiwa nusu, mtu hudhani nuru nayo ni nusu. La, ni kama sehemu moja ya kumi. Jua linapoupiga mwezi kwa ubavu, kila kilima na kila shimo kule juu hutupa kivuli, na vivuli hivyo vinakula mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, vivuli hivyo vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe na hatuvioni. Kwa hiyo sekunde zako 30 zinageuka dakika tano. Wanaolifanya jambo hili mara kwa mara hujibana katika siku chache, kuanzia mwezi kumi na tatu hadi kumi na saba kwa hesabu ya mwezi mwandamo.

Sasa matokeo. Picha yangu ya kwanza ya namna hii, minazi na kipande cha bahari, niliiacha wazi mpaka skrini iliponiridhisha. Nilipowaonyesha watu nyumbani wakaniuliza mbona nasema ni ya usiku. Anga ilikuwa ya samawati, majani ya kijani kibichi, mchanga mweupe pe. Kitu pekee kilichonitetea ni nyota, zilizokuwa zimetapakaa juu ya minazi. Wala kamera haikukosea. Nuru ya mwezi ni nuru ya jua iliyodunda kwenye mawe ya kijivu ikarudi kwetu, tena ikiwa imeelemea wekundu kidogo kuliko ilivyotoka. Hewa inaisambaza kama inavyosambaza ya mchana, basi anga inakuwa samawati vilevile. Ule ububluu tunaouhusisha na usiku unatoka ndani ya jicho. Giza likizidi, chembe za jicho zinazotambua rangi hulegea na kazi hushikwa na zile nyingine zisizojua rangi, ambazo karibu hazioni wekundu kabisa. Ndiyo sababu waridi jekundu huwa jeusi magharibi inapoingia, wakati majani yake bado yanaonekana. Jambo hili lilielezwa na Jan Purkyně, mwanasayansi Mcheki wa karne ya 19, na bado linaitwa kwa jina lake.

Ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu picha ya usiku kwa jinsi inavyong'aa. Kama unataka ifanane na mchana, si uende mchana. Mimi hukata muda, sekunde 15 mahali pa 30, vivuli vikabaki vizito na jicho likatambua kwamba hapa palikuwa usiku. Hiyo ni ladha yangu, lakini jaribu zote mbili usiku mmoja uone.

Pwani ina zawadi yake katika kazi hii. Chukua ufuo wa mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Na katika bamvua za upande wetu, maji hujaa kwenye saa kumi na kukauka kwenye saa nne, mchana na usiku. Maana yake ni kwamba usiku wa mwezi kumi na tano, saa nne hivi, ngalawa zimekaa mchangani, hazisogei. Chombo kinachoelea hakikubali sekunde 30. Kinayumba na kutoka na kingo tatu. Kilicholala mchangani hutoka na kila kamba yake. Vigingi vya mashamba ya mwani navyo viko nje, na vidimbwi vilivyobaki vinaushika mwanga. Wakati huohuo mwezi uko mashariki, umepanda nusu ya njia na kidogo. Elekeza lenzi kaskazini au kusini, kufuata ufuo, na vivuli vinalala ubavuni mwa vyombo. Kufika saa sita mwezi umeshapanda mno na vivuli vimeingia chini ya vitu. Mawingu yakikuharibia usiku huo, rudi kesho yake: mwezi na maji vyote huchelewa takriban dakika 50 kwa siku, kwa hiyo hukutana tena palepale. Taa za hoteli tu ndizo za kukwepa, maana taa moja ya njano inaushinda mwezi mpevu kwa nuru.

Bustani ni ngumu zaidi, kwa sababu majani hayatulii. Upepo mdogo tu na mchongoma unageuka moshi. Chagua ua lililozungukwa na ukuta, au subiri kusi ilegee, Oktoba hivi. Maua meupe ndiyo yanayolipa: asumini hufunguka jioni, na chini ya mwezi maua yake yanaonekana kama yamewashwa. Maua mekundu jicho halitayaona, ila kamera itayaona, na ni burudani kuyakuta kwenye skrini.

Usitegemee kamera ijilenge yenyewe gizani. Ilenge kwenye taa ya mbali au kwenye mwezi wenyewe, kisha ifunge isibadilike. Mwezi usiuweke ndani ya fremu, kwani katika sekunde 30 utakuwa doa jeupe tupu. Futa umande kwenye lenzi kila baada ya muda. Simu za siku hizi zenye hali ya usiku hupiga picha nyingi fupi na kuzipanga pamoja, na zikiegemezwa kwenye jiwe hufika mbali.

Halafu kuna chenga, zile nukta za rangi zinazoota sensa ikikaa kazini muda mrefu. Kamera nyingi huziondoa kwa kupiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, kwa muda uleule, kisha kuzitoa chenga hizo kwenye ya kwanza. Picha ya dakika nne inakuwa ya dakika nane. Katika zile nne za mwisho kamera haifanyi lolote unaloliona na haikubali kubonyezwa. Nilidhani imekufa, nikachomoa betri, na picha ikaenda nayo.